Bastola ya Bluu kwenye Foleni ya Nairobi

Mama yake rafiki yangu alikuwa anakwenda kumzika mamake. Ndege Alhamisi jioni, Nairobi Ijumaa asubuhi, halafu gari mpaka Taita, na Jumamosi mazishi. Hapo katikati hapakuwa na nafasi ya kuteleza. Na kilichoteleza ni bastola niliyoichagua mimi, kwa kichwa changu mwenyewe. Hii habari imeshazunguka Tottenham nzima hapa London, makanisani na kwa wasusi, na kila anayeisimulia anatia yake. Nimechoka kusahihisha watu mmoja mmoja, kwa hivyo naandika.

Kwanza, haikuwa bastola ya kuua. Hapa Uingereza bastola ya kweli huwezi kununua kwa ajili ya mchezo, sheria ilishafunga mlango zamani. Sisi tunaopenda mashindano tunatumia za gesi, zinazorusha gololi ndogo za plastiki, nyeupe, kama punje za mtama. Mchezo wenyewe ni huu: unawekewa vibao vya kujificha na kona ndani ya ukumbi, kengele inalia, unakimbia, unachungulia, unalenga karatasi na mabati, na saa inakuhesabia. Anayepiga vizuri na kwa haraka ndiye anayeshinda. Basi. Anayesema tunajifunza ujambazi aje aone wazee wa miaka sitini wanavyokimbia na magoti yao mabovu.

Aliyenipeleka huko ni huyo rafiki yangu. Nilipoletwa kutoka Mombasa kukaa na mama mdogo, siku ya kwanza shuleni darasa zima lilicheka Kiingereza changu, na yeye ndiye aliyewageukia akawatukana mpaka mwalimu akamtoa nje. Alitukana kwa Kiingereza, manake amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata cha kufumba, lakini ukimsemesha jibu linatoka kwa Kiingereza. Tangu siku hiyo, anayemgusa yeye amenigusa mimi.

Mwaka jana alikuwa anashindana na bastola ya klabu, ile ya kawaida ya kuingiza magazini, kile kisanduku cha gololi na gesi. Ukumbi ulikuwa baridi, gesi ikalegea, magazini ikakwama katikati ya mbio. Jaji akamhesabia yote aliyoyakosa. Nikamfuata jaji. Sitaandika niliyoyasema. Nilitolewa nje siku hiyo, nikaambiwa nikirudia sirudi tena.

"Ulikuwa unanitetea au unanizika?" rafiki yangu aliniuliza kwenye basi.

"Alikuonea."

"Magazini ilikwama, bro. Jaji hakuikwamisha."

Hapo ndipo nikaapa nitatafuta chombo kisichokwama. Na kisichokwama ni revolva. Haina magazini, ina silinda na matundu sita, kila tundu na ganda lake, kila ganda na gololi yake. Ikigoma moja unavuta tena, inayofuata inakuja. Shida yake ni kwamba ni sita tu, halafu ujaze upya huku saa inakwenda, na triga yake ni nzito, kidole kinafanya kazi ya punda. Ndiyo maana wanaoshindana nayo ni wachache, na wengi wao ni wakaidi. Nikaona inatufaa.

Mimi shule niliiachia njiani, lakini kitu kikiniingia kichwani hakitoki. Nilikaa na simu usiku na mchana nikitazama vijana wa Asia wanavyojaza silinda bila kuitazama. Kisha tukaenda wote wawili kwa Mhindi mmoja anayeuza vitu hivi, mzee mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

"Wataka ya nini?" akaniuliza.

"Mashindano."

"Mashindano gani? Ya kutisha watu?"

"Ya kuangusha mabati, mzee."

"Basi weka hiyo chini. Hiyo ndefu ni ya kupigia picha. Ukizunguka kona na mtutu kama huo, kibao kitakunyang'anya."

Nikaiweka. Ile fupi kabisa nikaikataa mwenyewe, maana ukiwa na mtutu mfupi kosa dogo la mkono linaonekana kubwa kwenye bati. Tukabaki na ya katikati. Nikavuta triga mara nyingi mpaka mzee akaniambia nitaimaliza kabla sijainunua. Rafiki yangu akaishika, akaipima uzito, akaihamishia mkono wa kushoto.

"Aa, wa mashoto," mzee akasema. "Silinda hii yafungukia kushoto. Atajigonga mwenyewe kila akijaza."

"Nitamfundisha njia yake."

"Na wewe nani amekufundisha?"

"Simu."

Mzee akamtazama rafiki yangu kwa huruma. "Binti yangu, utashinda mwaka gani?"

Ikabaki rangi. Nyeusi kama ya kweli huuziwi hivi hivi, lazima klabu ithibitishe umehudhuria kwa miezi kadhaa. Ya rangi kali, mtu mzima yeyote anaweza kuondoka nayo. Mzee akaitoa: bluu kama ndoo ya kuogea, kuanzia mtutu mpaka kishikio. Mbaya hiyo, hata kuitazama unaona haya. Lakini mimi subira sina. Halafu mama mdogo alikuwa ameshasema lake: kijana mweusi, Tottenham, na kitu cheusi mkononi, hakuna atakayekuuliza swali la pili. Kama ni lazima kiingie nyumbani kwake, kiwe na rangi ambayo hata kipofu ataiona.

Kwa nini nyumbani kwake? Kwa sababu mama yake rafiki yangu alikataa. Huyu mama ni mtu wa kanisa na ni mlezi wa wazee, siku nzima anawaogesha na kuwalisha watu wa majumbani, na akirudi anataka amani.

"Kwangu hapatalala bunduki," alituambia. "Hata ya maji."

"Anti, ni mchezo."

"Nimesikia. Mchezo ukalale kwenu."

Ukalala kwetu.

Kuchagua bastola kumbe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni gololi. Nilinunua zile nyepesi kwanza, zinakwenda mbio, nikafurahi. Ukumbini wanawasha feni za joto, gololi ikipita hapo inayumba kama mlevi. Nikajaribu nzito sana, zikawa zinachoka kabla ya bati, zinaligusa na bati halianguki. Mwishowe nikapata uzito wa katikati unaotulia hewani na bado una nguvu. Nazo si zote sawa, za bei rahisi zina mapovu ndani, nyingine zina mstari wa kiwanda unaokwaruza. Basi kila wiki nilikuwa nazimwaga kwenye sinia nazichambua.

Mama mdogo alinikuta siku moja akaketi. "Wachambua mchele wa plastiki?"

"Natoa mbovu."

Akavuta sinia upande wake, akaanza. Vidole vyake vimezoea, alizitoa mbovu haraka kuliko mimi, na huku anazungumza na simu. Nikaona raha. Sikujua kwamba kichwani mwake mambo yalikuwa yanajipanga: kitu cha bluu, shanga nyeupe, kijana mkubwa anacheza. Toi ya mtoto.

Sasa hapa lazima nieleze wasiojua. Kwetu hakuna anayesafiri na sanduku lake peke yake. Ukisikia mtu anakwenda nyumbani, zile kilo zake ni za kila mtu. Huyu analeta dawa za mamake, yule viatu vya mdogo wake, na kama msafiri anakwenda msibani ndiyo zaidi, maana hawezi kufika mikono mitupu mbele ya ukoo mzima. Mama yake rafiki yangu alikuja kupakia kwetu kwa sababu mama mdogo ana mizani ile ya kuning'iniza sanduku. Mamake alikuwa amefariki Jumapili. Alikuwa hajala sawasawa tangu hapo, anakunja nguo, anazikunjua. Miaka mingi hakwenda nyumbani kwa ajili ya makaratasi ya ukaazi, na makaratasi yalipotoka mama akawa mgonjwa, na alipopanga safari mama akawa hayupo. Kitu kimoja tu alichokuwa akikirudia: "Nataka nimuone uso kabla hawajafunika."

Mama mdogo akamwambia akaoge apumzike, yeye atamalizia.

Mimi Alhamisi nilitoka kazini, ninapotengeneza simu sokoni, nikaja kuchukua bastola niende mazoezini. Kabati tupu. Nikauliza.

"Ile ya bluu?" mama mdogo akasema, hata hakugeuka kwenye sufuria. "Nimemtumia mjukuu mdogo wa marehemu, yule wa Taita. Kilo zilikuwa zimebaki, mwanangu. Ningeziacha ziende bure?"

"Mamdogo, umeiweka wapi?"

"Katikati ya nguo, isivunjike. Na shanga zake."

Sijui nilipaza sauti kiasi gani. Najua jirani aligonga ukuta. Mama mdogo aliketi na mwiko mkononi, na nilipomwambia kuwa mtu akikutwa na kitu hicho kwenye sanduku uwanja wa ndege anakamatwa kwanza ndipo anaulizwa, uso wake ulibadilika hivyo hivyo nikiutazama. Nikajuta kupaza sauti, lakini sikuwa na wakati wa kujuta vizuri. Nikatoka.

Nikampigia mama yake rafiki yangu, hashiki. Nikampigia rafiki yangu, yuko zamu hospitali, anasomea unesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema pole pole: "Nisikilize. Ukifika huko usipige kelele na mtu yeyote. Ukipiga kelele, mama hapandi ndege. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema tena."

"Sipigi kelele."

Nikapanda treni ya chini ya ardhi Seven Sisters, nikabadilisha Finsbury Park, na huko chini simu inashika inaachia. Treni ilipotoka juu karibu na Hammersmith ndipo ikaita sawasawa, na safari hii akashika. Behewa lilikuwa limejaa watu na masanduku yao. Lakini mimi naongea Kiswahili, nani atanielewa? Ndivyo tulivyozoea sote hapa London. Kwenye basi tunawasengenya watu wakiwa wamekaa mbele yetu.

"Anti, uko wapi?"

"Foleni, mwanangu. Bado watu watatu nifike kaunta."

"Toka kwenye foleni taratibu. Usifungue sanduku, toka tu. Kuna bastola ndani. Ile yangu, Mamdogo aliitia akidhani ni toi."

Behewa zima hakuna aliyeinua kichwa. Nikapumua.

Nilichosahau ni vitu viwili. Cha kwanza, yule mama simu yake huwa kwenye spika siku zote, anaishika mbele ya mdomo kama kipande cha mkate. Cha pili, alikuwa kwenye foleni ya Nairobi. London nzima, mahali pekee ambapo kila mtu mbele na nyuma yako anajua neno bastola ni hapo.

Nikasikia sauti yake: "Bastola? Kwenye sanduku langu?"

Nikasikia mwanamume mmoja akisema, "Mama, umesema nini?" Mtoto akaanza kulia, kwa sababu mtu alimvuta, nadhani. Halafu magurudumu, masanduku mengi yakiburutwa kwa pamoja. Halafu simu ikakata.

Kutoka hapo mpaka uwanjani sikuwa na la kufanya ila kutunga sentensi ya Kiingereza. Niliitunga, nikaifuta, nikaitunga tena. Nilipofika, upande mmoja wa ukumbi ulikuwa umezungushiwa utepe, watu wamesukumwa nyuma, na sanduku lake la kahawia limesimama peke yake katikati ya sakafu. Kando, kwenye benchi, yeye, mikono juu ya magoti, na polisi wawili wenye bunduki za kweli. Nikainua mikono yangu mahali inapoonekana, nikamwendea yule wa karibu, nikasema sentensi yangu: kitu kilichomo ni cha plastiki, ni cha mchezo, hakina gesi, na ni changu.

Alinitazama. "Chako?" akauliza. "Mama anasema ni chake."

Nikamtazama yule mama. Hakugeuka. Alikuwa ameshawaambia ni toi yake, kaiweka mwenyewe, anampelekea mjukuu, hakuna mtu mwingine aliyegusa sanduku. Nilielewa papo hapo. Alikuwa ananificha. Anajua wanavyotutazama sisi vijana, na alikuwa ameona heri wamwulize mwanamke mwenye kitambaa cha msiba kichwani kuliko waje kubisha mlango kwetu.

"Anti, waambie ukweli," nikasema kwa Kiswahili.

"Nyamaza. Nimeshasema."

"Ni yangu, wewe huijui hata inafungukaje."

"Na wewe huna haja ya kujulikana na hawa. Rudi nyumbani."

Polisi akatuambia tuongee Kiingereza. Na hapo ikawa basi. Kitu kimoja, wenye nacho wawili, na kila mmoja anamkataa mwenzake. Kama ungekuwa wewe polisi ungefanya nini? Wakatutenganisha, yeye chumba kile, mimi chumba hiki, na maswali yakaanza upya kutoka jina la mtu.

Niliulizwa kwa nini bastola ya mchezo iwe ya aina hiyo. Hilo swali nilikuwa nimelisubiri maisha yangu yote. Nikaeleza silinda, nikaeleza baridi na magazini, nikafika kwenye uzito wa gololi, na yule polisi anaandika, anaandika, na ghafla nikaiona saa ukutani nyuma yake. Nikafunga mdomo. Niseme ukweli, hawakututendea vibaya. Wakaleta ile bastola kwenye mfuko wa plastiki, bluu inang'aa, na hata wao walionekana kuchoka. Mmoja akampigia simu mtu wa klabu, mwingine akampigia mama mdogo, ambaye alilia kwenye simu mpaka wakamtafutia mkalimani. Yeye ndiye aliyetukomboa. Alisema mwenyewe kaiweka, na kwa nini, na mambo ya kilo, na wakaandika mambo ya kilo.

Bastola ilibaki kwao, nikatia sahihi kwamba siidai. Sisi wakatuachia.

Kwenye kaunta msichana akatuambia ndege imeshafungwa milango. Haijaondoka. Imefungwa tu. Niliiona kupitia kioo, au nilidhani ni hiyo, taa zake zinawaka. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuanza, na yule mama akanishika kifundo cha mkono, akakibana.

"Muulize kesho kuna nini," akasema. "Swali hilo tu, baba. Usiongeze."

Nikauliza hilo tu. Kesho jioni kulikuwa na nafasi moja. Maana yake Nairobi Jumamosi asubuhi, na Taita, barabara ikikubali, alasiri. Mazishi yalikuwa mchana.

Alipiga simu nyumbani akiwa amesimama pale pale, spika wazi. Kaka yake mkubwa akamsikiliza. "Tutasubiri tunavyoweza," akasema. "Lakini hema ni la kukodi, na mchungaji ana mwingine baada ya huyu."

Rafiki yangu alifika akiwa bado na nguo za hospitali. Akamkumbatia mamake muda mrefu. Mimi hakunisemesha, na sikumlaumu. Tuliporudi kwenye treni alikaa kati yetu. Karibu na Hammersmith akaniambia, bila kunitazama, "Hukupiga kelele." Nikasema, "Hapana." Akatikisa kichwa, na hapo ndipo akaanza kulia.

Wiki tatu baadaye tulikwenda kumpokea. Mama mdogo hakuja. Tangu siku ile alikuwa anapika chakula asichokula, na anamsimulia Mungu kwa sauti ya chini jikoni. Tulidhani mama yake rafiki yangu atataka kwenda kwake kupumzika. Akasema hapana, kwanza kwenu.

Mama mdogo alifungua mlango, akasimama hapo, ameziba njia.

"Dada, nipishe nikae," yule mama akamwambia. "Miguu imevimba."

Akakaa mezani. Tukamwekea wali na mchuzi wa nazi, akavigusa kidogo, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Walisubiri mpaka saa tisa. Mchungaji akasema hawezi tena. Kaka yangu akawaambia wajaze kaburi, lakini upande wa kichwani wasimalize. Wakaacha rundo la udongo na koleo. Nilipofika nikaonyeshwa."

"Ukajaza?" mama mdogo akauliza.

"Nikajaza. Na viatu vya ndegeni. Watoto walitaka kunisaidia, nikawakataza."

Rafiki yangu alikuwa amenikanyaga mguu chini ya meza, anajua nikiona kimya nakijaza.

"Na uso wake?" mama mdogo akasema, sauti haisikiki.

"Sikumuona."

Mama mdogo akaweka mikono miwili kichwani, akalia, kile kilio cha mtu aliyekizuia siku nyingi. Kwetu mtu akilia hivyo unamshika bega, unamwambia pole, nyamaza, ni mapenzi ya Mungu. Yule mama hakusema hata moja. Alimwacha alie. Akavuta sahani yake karibu, akaanza kula, polepole, mpaka akamaliza.